Ajali Haina Kinga: Uchunguzi wa Lugha Tunayosimulia Kuharibika kwa Mitambo

Katika makala hii nakusudia kuchunguza jinsi Kiswahili chetu kinavyosimulia kuharibika kwa magari na mitambo, na kupima kama masimulizi hayo yanatosha. Mifano yangu mingi nimeichukua Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa kuwa hapana sehemu nyingi katika Tanzania ambamo maisha ya mtu wa kawaida yamefungamana na mashine kama huko. Reli ya Tabora hata Mwanza ilipita Shinyanga na kufika ziwani mwaka 1928. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi wa kale wa Geita ulichimbwa chini kwa chini hata ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa wazi ukafuata mwishoni mwa karne. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo wenye winchi zao, pampu zao, jenereta zao, na makarasha ya kusagia mawe. Watu hao husema habari za mashine kutwa kucha. Swali langu ni hili: je, lugha tunayoiandika kuhusu ajali zao ina thamani sawa na lugha wanayoisema wao?

Yafaa tuanze na sarufi. Taarifa ya ajali katika Kiswahili cha kuandikwa aghalabu hujengwa kwa vitenzi vyenye kiambishi cha kutendeka: breki zilikatika, tairi lilipasuka, lori lilipinduka, ukuta wa shimo uliporomoka, injini ilizimika. Sifa ya vitenzi hivi ni kwamba havidai mtenda. Tukisema "kamba ilikatwa", msikilizaji ana haki ya kuuliza, na nani? Tukisema "kamba ilikatika", swali hilo halina mahali pa kushika, nayo kamba yenyewe imebeba habari yote, mwanzo na mwisho. Silaumu kiambishi hicho. Ni hazina ya lugha yetu, na kuna mambo mengi duniani ambayo hukatika bila kukatwa. Kosa huja pale mwandishi anapokitumia kama kituo cha mwisho, ilhali kilipaswa kuwa njia panda.

Kando ya vitenzi hivyo vipo vingine vinavyoifanya mashine mtu. Gari hugoma, hukataa, huchoka; injini hufa. Lugha hii ina uhai mwingi, na mimi ni miongoni mwa wanaoipenda. Neno "kugoma" ni lile lile tunalolitumia kwa wafanyakazi walioweka zana chini, na huenda dereva anayelitamka anajua kuwa mtambo, kama mfanyakazi, una haki yake isiyotimizwa: mafuta mapya, chujio safi, mapumziko. Lakini tamathali hii ina hatari. Mashine iliyopewa moyo wa binadamu hupewa pia kisirani cha binadamu, na mtu akishaamini kwamba gari lina kisirani, haoni tena haja ya kulifungua.

Juu ya sarufi hii zimeketi methali. Iliyo maarufu kupita zote ndiyo niliyoitumia kuwa kichwa cha makala. Ya pili ni ile isemayo kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Msomaji atasema kwamba methali hizi ni faraja kwa wafiwa, na kwamba si adabu kuzikosoa. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Matangani, mbele ya mjane, methali ya kudra ina kazi yake tukufu, na mtu anayesimama hapo kueleza habari za ngoma za breki ni mtu asiye na utu. Lakini taarifa si taazia. Taazia yamwambia aliyefiwa kwamba hakuwa na uwezo wa kuzuia; taarifa yamwambia aliye hai kwamba ana uwezo wa kuzuia. Tunapoandika taarifa kwa maneno ya taazia, tunamnyang'anya aliye hai kinga yake kwa sauti ya huruma.

Tena methali zenyewe hazisemi kwa kinywa kimoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hapa hapana kutendeka. Yupo mtenda, naye ni wewe. Ipo kazi iliyoachwa, ipo gharama yake. Tahadhari kabla ya hatari yasema vivyo hivyo kwa maneno manne. Na ile ya wahunzi, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ina maana ya pekee katika nchi ya Geita, ambako Warongo walikuwa mabingwa wa kuyeyusha na kufua chuma kabla ya kuja kwa vyuma vya dukani. Methali hiyo yakiri kwamba chombo huvunjika, lakini mara moja yamrudisha mtu kazini. Kwa hiyo anayedai kwamba hekima ya wazee wetu ni ya kukubali tu hajazisoma methali zote. Amechagua zile zinazompumzisha.

Na tuipime lugha hii kwa misiba inayojulikana. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama katika Ziwa Victoria pamoja na mamia ya abiria. Neno "ilizama" ndilo lililobaki katika kumbukumbu ya watu, na ni neno la kweli. Lakini ndani yake mna mambo matatu yasiyofanana. Kwanza, meli ilichukua watu kupita kiasi chake, yaani ilijazwa. Pili, ilielemea upande hata ikapinduka. Na hapa pana elimu ya uzito na mizani ambayo kila nahodha wa jahazi huijua kwa mwili wake. Tatu, ilipokuwa imeelea kifudifudi, hewa iliyofungwa ndani ndiyo iliyokuwa ikiishikilia, nao waokoaji wakatoboa tundu ili kuwafikia waliokuwa hai. Hewa ikatoka, maji yakapanda, meli ikashuka. Ilijazwa, ikapinduka, ikatobolewa: mawili kati ya matatu haya yana mtenda, na lile la tatu lilitendwa kwa nia njema. Kitenzi kimoja cha kuzama kimeyameza yote.

Mfano wa pili ni treni ya abiria iliyopata ajali Igandu, mkoani Dodoma, tarehe 24 Juni 2002. Treni ilishindwa kupanda mlima, ikasimama, kisha ikarudi nyuma kwa kasi iliyozidi kuongezeka hata ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Katika simulizi za mdomo husikika kwamba "treni ilirudi nyuma", kama vile mtu arudivyo nyumbani kwa hiari yake. Ila mzigo ulio juu ya mteremko haurudi kwa hiari. Hushikwa na breki, na breki zisiposhika huvutwa na uzito wake. Fundi yeyote wa reli angeuliza hapo maswali yake kwa zamu: breki zilishika mara ya mwisho wapi, ni mabehewa mangapi yaliyozipata, na nani alizipima kabla ya safari.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya lugha ya kudra ni kumtaja mkosaji, na ndiyo maana taarifa nyingi hukimbilia maneno matatu: uzembe wa dereva. Kwa maoni yangu hili ni jina jipya la ugonjwa ule ule. Tuchukue lori la mizigo linaloshuka mteremko wa Sekenke likielekea Nzega na Shinyanga. Dereva ameweka gia huru ili kuokoa mafuta, naye analizuia lori kwa breki peke yake. Ngoma za breki zapata moto, bitana zake zapoteza ukali, kanyagio lakanyagwa na lori halisikii. Hapo husemwa ama kwamba breki zilikataa, ama kwamba dereva alikuwa mzembe. Semi zote mbili zinafunga mlango. Kwa nini aliokoa mafuta? Nani alimpimia mafuta hayo? Bitana zilikuwa na unene gani siku ya kuondoka, na mzigo ulikuwa tani ngapi? Anayemlaumu dereva peke yake na anayemlaumu Mungu peke yake wamekutana mahali pamoja: hakuna atakayefungua gurudumu.

Kiswahili hakikosi chombo cha kusimulia mfululizo wa sababu. Tunacho kiambishi cha -ka-, ambacho kwacho tukio moja hulizaa jingine, na tunalo neno "hata" la masimulizi ya kale. "Kamba ya winchi ilisuguana na mwamba siku nyingi, nyuzi zake zikakatika mojamoja, mwenye duara akaona akanyamaza, hata siku ya mzigo mzito ikakatika yote." Sentensi hii haikumtukana mtu. Imeweka kila jambo mahali pake: jiwe, kamba, ukimya, mzigo. Kiambishi cha kutendeka kimo ndani yake, lakini sasa kinatumika.

Nasema haya si kwa kubuni tu, maana usemi wa namna hii wasikika kila siku chini ya magari yaliyoinuliwa kwa jeki, Kahama na Katoro. Fundi haanzi na "imeharibika". Huanza na dalili: sauti gani, ilianza lini, gari likiwa la moto au la baridi. Kisha hufuata njia ya nguvu kutoka inakoanzia hadi inakokomea, akiondoa shaka moja baada ya nyingine. Mwisho hutaja kasoro kwa jina lake. Mchimbaji naye asema matimba yameoza, au marudio yamerundikwa karibu mno na mdomo wa duara, au moshi wa injini ya pampu umeshuka shimoni kwa kuwa mashine iliwekwa mahali pasipofaa. Linganisha usemi huu wa mwisho na ule uandikwao: "alikosa hewa". Aliyesoma kwamba mtu alikosa hewa ataogopa kina cha shimo. Aliyesoma kwamba alivuta moshi wa injini ataihamisha injini. Tofauti ya maneno hapo ni tofauti ya mtu kuishi na kufa.

Fasihi yetu pia imetupa walimu wa kazi hii. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotolewa mwaka 1960, husomwa kama burudani ya upelelezi, na ni burudani kweli. Lakini kiini chake ni ubishi juu ya sababu: jina lenyewe la kitabu latuelekeza kwa mzimu, naye Bwana Msa hakubali kuishia kwenye mzimu. Mwalimu wa pili ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeandika kisa cha Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945 na kukitoa kwa Kiswahili mwaka 1980. Wako wasomaji waliochoshwa na maelezo yake marefu ya uvuvi, uwindaji na utengenezaji wa pombe. Mimi naona kwamba hapo ndipo penye ubora wake usio na kifani: ni nathari isiyoona haya kueleza kitu hufanyaje kazi. Tukiunganisha ukaidi wa Bwana Msa na subira ya Kitereza, tutapata mwandishi wa taarifa ya ajali tunayemhitaji.

Tazama hasara ya kukosa mwandishi wa namna hiyo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa ukaenea Urambo na Nachingwea, ulivunjwa na mambo mengi, na moja kubwa lilikuwa mitambo: matrekta ya mitumba, vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuvuta majembe, ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu na kula vyuma. Kabla mpango haujaachwa mwaka 1951, Alan Wood alikwisha kuuandikia kitabu kwa Kiingereza mwaka 1950. Masimulizi ya madereva na mafundi Waafrika waliolala chini ya matrekta hayo yalibaki midomoni zaidi ya vitabuni, nao wengi wameshakwenda na elimu yao.

Lipo jambo zito zaidi. Akili ya binadamu haivumilii msiba usio na sababu. Ikinyimwa sababu huitafuta kwingine. Shinyanga na mikoa jirani imejua kwa miaka mingi mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi, na tangu mwaka 2007 hivi ukanda wa ziwa ukajulikana ulimwenguni kwa mauaji ya watu wenye ualbino, ambayo waganga wa bahati walitajwa kuwa nyuma yake. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyoua watu hao. Umaskini, tamaa na ukatili vina sehemu yao. Nasema tu kwamba nchi inayozoea kuandika "ilitokea" huacha kiti kitupu mahali pa sababu, na kiti kitupu hupata wa kukikalia.

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, shimo liliwafunika wachimbaji mwezi wa Oktoba, na watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41. Walikunywa maji yaliyodondoka mwambani, wakala mizizi, vyura na mende. Habari hiyo ilienea kama muujiza, na aliyeiita muujiza hakusema uongo. Walakini waliokuwa chini walijua kwa hakika mahali palipoporomoka, mahali palipobaki wazi, maji yalitokea upande gani na hewa upande gani. Kama wasingejua wasingeishi. Huo ndio ujuzi unaostahili kuandikwa kwa ukamilifu, pamoja na shangwe.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa Kiswahili wanaokwenda Shinyanga na Geita kukusanya methali na nyimbo, wakusanye pia maelezo ya mafundi, wa gereji na wa machimboni, kwa maneno yao wenyewe, tangu dalili hadi kasoro. Na wanapokuta katika maandishi yao wenyewe kwamba kitu "kilikatika", waandike sentensi moja zaidi.