Iwashe, Tunyamaze

Kila alipoingia nyumbani kwetu, fundi yule alitoa salamu, akavua viatu, kisha akasema maneno mawili tu: "Iwashe, tunyamaze." Mama alikuwa keshajiandaa na maelezo ya robo saa: mashine imeanza lini kulalama, nani aliifulia mwisho, shuka ngapi zilitiwa kwa mara moja. Fundi hakuyataka bado. Alichuchumaa kwenye kibaraza cha nyuma cha fleti yetu ya Michenzani, Unguja, akaweka kiganja ubavuni mwa mashine, akainamisha kichwa. Redio ikazimwa. Watoto waliokuwa wakifukuzana ngazini wakakemewa. Tukaisikiliza mashine ya kufulia kama watu wanaosubiri kutangazwa kwa mwezi.

Jina lake silitaji, mwenyewe asingependa. Mwembetanga, alikokuwa na kibanda chake, walimwita Fundi basi, utadhani maseremala, waashi na washona kanzu wa mji huu hawana haki na neno hilo.

Alichokisikia yeye, sisi tulikisikia baada ya kuonyeshwa. Mota ikivuma isizunguke, alipenyeza kijiti kwa chini akaisukuma puli. Ikiondoka yenyewe, basi mota nzima, kapasita ndiyo iliyochoka. Mlio wa kupigapiga, kama kandambili kwenye sakafu yenye maji, ni mkanda uliolegea. Siku moja alisikiliza kidogo sana, akatabasamu: "Humu mna pesa." Akafungua lile pangaboi la plastiki la chini ya tangi, akatoa sarafu ya mia mbili, simba wake wamesagika hawana tena manyoya. Akamkabidhi Mama mkononi. Nimeona mafundi wengi maishani, na nasema bila kuona haya: wengi wao ile mia mbili ingekwenda nao.

Mashine yenyewe ilikuwa ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, mtumba wa Dubai ulioshushwa bandarini Malindi. Wenye nacho waliicheka. Lakini anayezijua fleti za Michenzani, zile ndefu zilizojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, anajua pia kuwa maji huko hayapandi ngazi kwa hiari. Mashine za kisasa hudai bomba lenye nguvu. Likikosekana hukaa zinakonyeza vitaa vyao na hazifanyi kitu. Ile ya Mama ulikuwa ukiimiminia ndoo. Maji ya kisima, ya mvua, ya jana, yote ilipokea. Saa yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, ya springi kama saa za zamani za mezani: unaivuta mpaka kwenye 15, inaanza kuhesabu tiki, tiki, tiki, umeme uwepo usiwepo. Mara ngapi umeme ulikatika nguo zikiwa katikati, mashine ikasimama kimya, na ile saa ikaendelea na safari yake kama muadhini asiyejua kuwa spika imezimika.

Siri ya Fundi niliijua nikiwa na miaka kumi na mitano hivi. Fundi aliniita nimshikie kifuniko cha nyuma wakati akifunga mkanda mpya. Upande wa ndani, kwa ncha ya msumari, palikuwa pamekwaruzwa maandishi. Mkanda, 3/2001. Kapasita ya kukamulia, 8/2003. Mkanda, panya. Panya tena. Breki. Mbele ya kila neno pana mwezi na mwaka, kwa mwandiko ule wa watu waliosoma chuo cha Kurani kwanza kabla ya skuli, herufi zimelala upande. Nilimuuliza anamwandikia nani, maana mwenye mashine haoni huko. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini watu huandika majina ya watoto nyuma ya msahafu. "Namwandikia atakayefungua baada yangu, mwanangu. Asianze upya."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko mengi niliyofundishwa darasani. Yeye alikuwa na hakika mbili: kwamba kitu kitafunguliwa tena, na kwamba atakayekifungua atakuwa mtu anayejua kusoma. Tangu siku ile sikuiona nyumba yetu vilevile. Nilianza kujiuliza nini kimeandikwa ndani ya friji, ndani ya feni, nyuma ya pasi. Kwenye feni ya sebuleni nilikuta: mafuta ya cherehani tu, usitie ya kupikia. Huyo alikuwa akimsema mtu, na sote tulimjua ni nani.

Halafu ukaja msimu wa kiza. Desemba 2009 waya unaoleta umeme Unguja kutoka bara, kwa chini ya bahari, uliharibika, na kisiwa kikakaa bila umeme hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Aliyekuwepo hahitaji kusimuliwa: mivumo ya jenereta kila uchochoro, barafu ikauzwa kama dhahabu, wauza samaki wakarudi kwenye chumvi na jua kama babu zao. Mama aliifunika mashine kwa kanga, akarudi kwenye beseni. Fundi alipita nyumba kwa nyumba, hakuitwa na mtu, akiwaambia wenye friji waache milango wazi zisiote ukungu, na wachomoe kila kitu ukutani, maana umeme huo siku utakaporudi hautabisha hodi. Waliomsikiliza waliokoa vitu vyao. Wasiomsikiliza aliwatengenezea, na sikumsikia akimwambia mtu "nilikwambia".

Nisimfanye malaika. Kesho yake ilikuwa kesho ya fundi kama kesho za mafundi wote. Nyingine ilichukua wiki mbili. Alikuwa na deni duka la mkate na deni duka la spea. Ukimpigia simu alikuwa njiani daima, na nyuma yake unasikia bao likichezwa.

Dada yangu aliyeolewa Maskati ndiye aliyetuletea mashine ya pili, ile ya mlango wa duara kwa mbele, inayofanya kila kitu yenyewe. Tukaipandishia tangi dogo la maji, tukainunulia na mota ya kusukuma. Ilifua vizuri mno. Kanzu zilitoka hazitaki buluu. Mwaka wa nne ikaanza kunguruma wakati wa kukamua, majirani wa chini wakauliza tunasaga nini. Fundi aliwasha, tukanyamaza, wala haikumchukua dakika. Akaizima, akaushika ukingo wa pipa la ndani, akalitikisa juu na chini. "Beringi. Maji yameshapita sili."

Beringi si maradhi ya kutisha, ilikuwa kazi ya nusu siku. Lakini alipolitoa lile tangi la nje na kulilaza juu ya gunia, alilizungusha mara moja, akalizungusha tena, akakaa kitako. Alikuwa akitafuta skrubu. Hazikuwepo. Zile nusu mbili za plastiki zilikuwa zimeyeyushwa na kugandishwa pamoja huko kiwandani, hakuna nati wala klipu. Beringi za bei ya kilo chache za mchele zilikuwa zimefungiwa ndani, na anayezitaka anunue tangi zima na pipa lake, yaani karibu nusu ya mashine. Mama akamletea kahawa. Alikunywa yote kabla hajasema neno, kisha akasema polepole, bila hasira, jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko kuibiwa: "Hawa hawakutaka ifunguliwe."

Akaondoka. Alisema kesho, akarudi siku ya tatu na drili ya kuazima.

Kazi aliyoifanya alasiri ile nimeiona mara moja tu. Kabla ya kukata chochote, alitoboa matundu kuzunguka ukingo wote, ishirini na mawili, akiyapima kwa kipande cha uzi, ili nusu mbili zikishaachana zisije zikasahau zilivyokuwa zimekaa. Ndipo akachukua jani la msumeno wa chuma, halina hata mpini, amelizungushia kitambaa mwisho mmoja, akaanza kukata juu ya ule mshono. Kutoka baada ya sala ya alasiri mpaka tukawasha taa. Unga mweupe wa plastiki ulimjaa ndevuni na kwenye nyusi. Kila baada ya shubiri moja alisimama, akapuliza, akatazama kama hajakwenda upande. Hakutaka kusaidiwa, mikono miwili tofauti, alisema, hukata mistari miwili.

Tangi likafunguka. Ndani mlikuwa na tope la kutu na sabuni, na ile sili imekakamaa kama ganda la ndizi lililoanikwa. Alivaa miwani, akapangusa beringi kwa kidole cha gumba, akanisomea namba: 6204 na 6205. Hakunituma dukani kwa wauza mashine. Alinituma Darajani kesho yake, kwa wauza spea za pikipiki. Beringi ya 6204 ina tundu la milimita 20 na kipenyo cha nje cha 47, iwe ya mashine ya kufulia, ya pampu au ya gia ya pikipiki, iwe imetoka Japani, Ujerumani au China. Muuzaji aliniletea bila kuniuliza ya nini. Katika kichuguu chote hiki cha spea zisizoingiliana, kamba za chaja na vichwa vya soketi, hizi namba ni mabaki ya zama ambapo waliotengeneza vitu walikubaliana juu ya jambo.

Kuziingiza mpya alitumia zile za zamani. Aliilaza beringi iliyokufa juu ya ile mpya, ukingo kwa ukingo, akaigonga ya juu kwa nyundo. Ile iliyooza ikabeba mapigo yote na kumsindikiza mrithi wake mpaka mahali pake. Sauti ya nyundo ikabadilika, kutoka butu ikawa kali, akaacha hapohapo. Grisi, sili mpya, silikoni kuzunguka ukingo, skrubu ishirini na mbili. Tuliiacha ilale usiku mmoja. Kesho yake aliifunga, akaiwasha kwenye kukamua, akaweka kikombe chake cha kahawa juu yake. Kahawa ikafanya viduara, haikumwagika. Akainywa.

Huko Ulaya jambo hili limefika kwenye sheria. Tangu Machi 2021 mwenye kutengeneza au kuingiza mashine za kufulia katika Umoja wa Ulaya analazimika kuwa na spea zake kwa miaka isiyopungua 10 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Nilimsomea Fundi habari hiyo, akafurahi, akasema hatimaye wamepata akili. Nikafika penye beringi: wanaruhusiwa kuziuza pekee, au kuziuza zikiwa pamoja na pipa. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani ukiumwa jino, wakuuzie kichwa."

Alikuwa na mwanafunzi, kijana mwepesi wa mkono. Ameenda kwenye simu, na simlaumu. Simu hazibebwi mgongoni kupandishwa ghorofa ya nne. Mashine zenyewe nazo zimeanza kufa kifo kingine. Beringi hulia kabla ya kufa, mkanda hupiga kelele, mota hunuka. Kibao cha umeme kikifa hakisemi kitu. Unabonyeza, taa haziwaki, na kiganja hakina la kusikiliza. Vijana wa sasa huja na kauli moja, "badilisha bodi", na bodi ikiwa haipo, "nunua mpya, bi mkubwa". Hawakai kitako. Sijui wakikaa wangesikia nini.

Masikio ya Fundi yalianza kumwacha kabla ya magoti. Miaka yake ya mwisho mjini alikuwa bado anasema tunyamaze, na sisi tulinyamaza, ingawa Mama alijua, nami nilijua, kwamba kiganja peke yake ndicho kilichokuwa kikisikia. Pengine ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kisha wanawe walimchukua Pemba, na kwenye kibanda cha Mwembetanga sasa panauzwa kava za simu.

Mwaka jana sanduku la gia la mashine ya matangi mawili lilipasuka. Fundi mpya aliitazama akiwa amesimama mlangoni, hata viatu hakuvua. Mama alikaa nayo miezi miwili, akaitundika kanga, akaifanya mahali pa kuwekea ndoo, mwisho akaniambia nimwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilitangulia nikafungua kifuniko cha nyuma. Mstari wa mwisho ulikuwa wa 2019, herufi zimekuwa kubwa na za kutetemeka: mkanda, na baada yake neno panya, limekatwa, limeandikwa tena. Chini yake palibaki nafasi kama ya mistari mitano.

Yule kijana wa chakavu hakupenda. Kifuniko ni bati, akasema, nikikitoa uzito unapungua. Tukabishana kidogo, nikampunguzia bei, nikabaki nacho. Waliishusha yeye na mwenzake ngazi zote, wakaigonga ukutani kila kona, wakaitupia kwenye mkokoteni juu ya mabati na magurudumu ya baiskeli. Katika kugongwagongwa huko kile kitufe cha saa kilikuwa kimezunguka. Nilikuwa nimesimama kibarazani nimeshika bati langu, na mkokoteni ulipopita chini yetu niliisikia, tiki, tiki, tiki, mpaka walipokata kona kuelekea barabara kubwa.