Wanne Wanaoshika Kiitikio

Kila anayeisikiliza Spinners Live!, santuri ya kundi la Spinners, kwa mara ya kwanza humfuata mwimbaji Philippé Wynne, na hana budi. Mtu yule akishaachiwa uwanja katika wimbo wa Mighty Love haimbi tena mistari iliyoandikwa. Anasihi, anabembeleza, anakata neno katikati na kulirudia kwa namna nyingine, anatoka mbali na wimbo mpaka unadhani harudi. Nami nilimfuata muda mrefu. Kisha jioni moja nikamwacha aende zake, nikatega sikio kwa wanaume wanne waliobaki nyuma yake. Tangu hapo santuri hii kwangu ni yao.

Kazi yao ukiisimulia inaonekana nyepesi: kurudia maneno machache yale yale, dakika baada ya dakika, wakati mwenzao anatamba. Aliyewahi kuimba kwaya anajua uzito wake. Irabu moja lazima itoke kwa umbo moja katika vinywa vyote vinne, ikatwe pamoja, isiteleze chini koo linapochoka, wala isiende mbio kwa sababu ukumbi umechemka. Anayehitaji pumzi aivute wakati wenzake wameshikilia, msikilizaji asisikie pengo. Chini kabisa yuko Pervis Jackson na besi yake. Katikati, Henry Fambrough. Juu yao, Billy Henderson. Wakimzidi sauti anayeongoza wamemfunika, wakififia mno wamemwacha hewani. Wynne anathubutu kwenda mbali vile kwa sababu anajua akirudi atakikuta kiitikio mahali pale pale alipokiacha.

Wa nne ni Bobby Smith, na hapa ndipo pananishangaza zaidi. Mighty Love huanza mikononi mwake. Ndiye anayeufungua wimbo kwa ile sauti yake laini isiyo na haraka. Wynne alikuwa mgeni, aliyeingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Smith alikuwa kiongozi wa sauti tangu siku za mwanzo. Lakini wimbo ukifika mahali pa kupaa, Smith anamkabidhi Wynne na kurudi safuni kuitikia. Hakuna mkwaruzo unaosikika. Aliyekuwa mbele sasa anashika maneno yale yale pamoja na wenzake, kwa uangalifu ule ule aliouweka katika ubeti. Mpango huo haukuzuliwa jukwaani. Thom Bell, mtayarishaji wao, aliutumia studioni pia, kama katika Could It Be I'm Falling in Love. Ila studioni, kule Sigma Sound jijini Philadelphia, Bell aliwawekea violini na kuchanganya sauti za wanawake katika kiitikio, na penye kosa palirudiwa. Jukwaani linalotoka kinywani limeshatoka.

Subira hiyo ya kuitikia Spinners waliilipia mapema. Walianza mwaka 1954 huko Ferndale, Michigan, wakiwa vijana wa shule. Miaka ya 1960 waliingia kampuni ya rekodi ya Motown, na humo kati ya rekodi moja na nyingine walifanywa madereva na wasimamizi wa safari za wasanii wengine, hata kufungasha mizigo. Lakini ndimo walimompata Maurice King, mwalimu wa sauti aliyewahi kuongoza bendi ya Flame Show Bar jijini Detroit, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi wao wa muziki. Wimbo wa I'll Be Around ulipowatoa mwaka 1972, tena ukiwa upande wa pili wa santuri ndogo, ilikuwa imepita miaka 18 ya kuitikia pamoja.

Onyesho lenyewe lilirekodiwa mwaka 1975 katika Latin Casino, Cherry Hill, New Jersey, ukumbi ambao watu waliketi mezani na kula chakula cha jioni huku wakitazama. Ndiyo maana utakuta humo Fascinating Rhythm, wimbo wa ndugu wawili Gershwin wa mwaka 1924, na mfululizo mzima wa kuigiza waimbaji mashuhuri. Zamani nilikuwa nikiuruka mfululizo huo. Nilikosea. Anayeweza kuvaa sauti ya mwingine amejifunza kwanza kusikiliza, na sikio hilo ndilo linalowaweka wanne hawa pamoja. Kwenye jukwaa hilo hilo, Septemba ya mwaka ule, mwimbaji Jackie Wilson alianguka katikati ya wimbo na hakupona tena hadi alipofariki. Kuimba namna ile ni kazi ya mwili mzima.

Miili yenyewe santuri haiwezi kuionyesha. Anayetaka kuiona aitafute filamu ya Soul Power, iliyotengenezwa kutokana na tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Mle wamo Spinners wakiimba One of a Kind (Love Affair), wakicheza na kuitikia kwa pamoja. Baada ya kuiona, niliporudi kwenye santuri nilianza kukisikia kiitikio kama kitu chenye miguu.

Wynne aliondoka mwaka 1977, na Julai 1984 alianguka akiwa jukwaani Oakland, California, akafa. Wenzake waliendelea. Henderson alifariki mwaka 2007, Jackson 2008, Smith 2013. Fambrough aliimba na kundi hadi 2023, akafariki Februari 2024 akiwa na miaka 85. Sasa kila ninapoiweka Mighty Love namfuata yeye peke yake, sauti ya katikati, ile ambayo ni ngumu kuliko zote kuichambua. Nampata, nampoteza ndani ya wenzake, naurudisha wimbo nyuma nimtafute tena.