Jinja ya Vipeperushi na Jinja ya Sahani

Vipeperushi vya utalii kuhusu Jinja hufuata mpango mmoja. Kwanza huja chanzo cha mto Nile, kisha mashua za mpira kwenye maji ya kasi, kisha machweo ziwani. Chakula huja mwisho, kwa sentensi moja, kwamba cha kienyeji kinapatikana. Mpango huu una kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kuficha kilichopotea. Speke alipofika hapa Julai 1862 aliona maporomoko, akayaita Ripon. Leo hayaonekani, kwa sababu yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na sasa huitwa Nalubaale. Maporomoko ya Bujagali nayo yalifunikwa na bwawa lililozinduliwa mwaka 2012. Kwa Wasoga, hapo palikuwa makao ya roho Budhagaali. Hata hivyo jina Bujagali bado hutumika kuvutia wageni. Sisemi kwamba mabwawa hayana faida, maana umeme tunautumia. Nasema kwamba anayeandika juu ya mto huu bila kutaja mabwawa anamuuzia mgeni jina tupu. Angeweza kumwambia ukweli, kisha akamwelekeza Itanda, ambako maji bado yanaanguka.

Kasoro ya pili ni kudharau sahani. Unguja, bustani ya Forodhani ni kivutio kwa sababu ya pweza, urojo na maji ya miwa. Kwenye visiwa vya Ugiriki pia, samaki wa kuchoma na jibini huelezwa sawa na fukwe. Kwetu je? Sato wa ziwani, ugali wa wimbi, viazi vitamu kwa mchuzi wa karanga, vyote vimefungwa katika neno "kienyeji". Ukifika Mbale kuna malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Chakula hicho kinamweleza mgeni habari za Wagisu na mlima wao kuliko picha yoyote.

Watetezi watasema kipeperushi ni tangazo tu, si kitabu cha historia. Ni kweli, lakini tangazo ndilo linaloamua fedha ziende wapi. Mashua za mpira zinahitaji mtaji mkubwa, hivyo wenyewe ni wachache. Kukaanga samaki au chapati kunahitaji jiko la mkaa, karai na mafuta. Mgeni asipoambiwa ale nini na wapi, atakula hotelini, na mama wa jiko la mkaa kule Buwenge, kwenye barabara ya Kamuli, ataona vumbi la gari lake tu.

Kwa hiyo vipeperushi hivi viandikwe upya. Vitaje kilichozama, na vitaje kila chakula kwa jina lake.