Kuwasomesha Watoto wa Ufipa Vita vya Unguja vya 1896

Miongoni mwa habari za kale zinazosomeshwa katika shule zetu za msingi, hapana iliyo nyepesi kukaririwa na nzito kufahamika kama ile ya mizinga iliyopigwa juu ya kasri ya Sultani wa Unguja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Kwani mtoto yeyote aweza kukuambia kwamba vile ndivyo vita vifupi kupita vyote duniani, vya dakika 38, kisha akacheka, na ukimwuliza ni akina nani waliokuwamo ndani ya kasri hiyo, atakukodolea macho. Kosa si la mtoto. Ni la mpango wa somo, ambao aghalabu huanzia kwenye saa na kuishia papo hapo, na muradi wa makala haya ni kuchambua namna mwalimu mmoja wa darasa la nne mjini Sumbawanga alivyoupindua mpango huo.

Kikwazo cha awali kilikuwa bahari. Watoto wa uwanda wa Ufipa, waliozaliwa juu huko kwenye baridi, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, hawajapata kuiona manowari wala mji wenye kasri ufukweni. Basi badala ya kuwapa tafsiri za kamusi, mwalimu aliwakumbusha Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo wenye jamaa zao Kasanga wameisikia tangu utotoni, akawaeleza kwamba chombo hicho kiliundwa Ujerumani mwaka 1913 kikiitwa Graf von Götzen, kikafungwa mizinga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha kikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Meli iliyochukua abiria na magunia ikawa imewahi kuchukua mizinga, na watoto wakaelewa bila kuchorewa.

Sababu ya ugomvi nayo, ambayo vitabu huifunga katika istilahi za mikataba, aliifungua kwa swali lisilo geni kwa Mfipa: mfalme akifa, nani mwenye haki ya kumtawaza mwingine? Ufipa ya zamani, iliyogawanyika katika himaya mbili za Nkansi na Lyangalile chini ya watawala wa asili moja, ililijua swali hilo vema. Huko Unguja Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini siku ile ile bila ya idhini ya balozi wa Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameiweka nchi chini ya himaya yao na ambao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Khalid akapewa muda: hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na kutoka. Hakutoka, na bandarini zilikuwapo manowari tano chini ya Amiri wa bahari Harry Rawson.

Hapa ndipo ustadi ulipo, nami nitakaa kidogo. Mwalimu alichora ubaoni ufuo, nyumba kubwa iliyojengwa kwa mbao nyingi, na mbele yake meli tano, akauliza, "Wanangu, mngekuwa humu ndani mngejificha wapi?" Mmoja akajibu, "Nyuma ya magunia ya mahindi, Mwalimu." Naye akasema, "Ndivyo walivyofanya"; kwa kuwa watu wapatao 2,800 waliokuwamo, walinzi na raia, watumishi na watumwa, walijikinga nyuma ya makasha, marobota na shehena za mpira, vitu ambavyo kombora la manowari halivijali. Darasa lilinyamaza, kisha wakaanza kuuliza: wanawake walikuwamo? Mbona hawakutoka mlango wa nyuma? Maswali hayo hayaulizwi na mtoto aliyefundishwa kuhesabu dakika.

Kisha akamimina mezani maharage yaliyokwisha kuhesabiwa, punje 500, ambayo ndiyo hesabu ya takriban waliouawa na kujeruhiwa upande wa Khalid, na kando yake akaweka punje moja peke yake, kwa yule baharia Mwingereza aliyejeruhiwa naye akapona. Ziko shule ambako watoto huigizishwa vita hivi, wakapiga kelele za mizinga na kuangushana sakafuni. Jambo hilo nalipinga, kwani mdogo ataogopa na mkubwa atacheza, na baina ya hofu na mchezo hapana aliyejifunza. Maharage hayamtishi mtu, walakini hayamruhusu kucheka.

Saa ililetwa mwisho. Mizinga ilianza saa tatu na dakika mbili, na kwa kuwa wengine huhesabu hadi bendera ilipoangushwa na wengine hadi mlio wa mwisho, zimeandikwa dakika 38, na 40, na 45 pia. Kipindi cha darasa la nne ni dakika 40. Mwalimu hakufanya zaidi ya kuwaambia hivyo kengele ilipolia, na laiti angewaambia mwanzoni, somo zima lingegeuka kuwa kusubiri kengele.

Upungufu mmoja nauona, nao si mdogo. Watumwa walitajwa kwa neno moja tu kisha wakaachwa, ilhali mali ya kasri ile ilitokana kwa sehemu kubwa na karafuu zilizolimwa na watu waliotolewa bara. Na mtoto wa bara asipoambiwa hayo atadhani Khalid alikuwa shujaa wa wanyonge dhidi ya wageni, kumbe ugomvi ulikuwa baina ya wenye nguvu wawili, na waliokufa wengi hawakushauriwa na yeyote. Umri wa miaka kumi wautosha ukweli huo, ukisemwa kwa upole.

Watoto walipouliza hatima ya Khalid, waliambiwa kwa ufupi: alikimbilia kwenye ubalozi wa Wajerumani, Oktoba mwaka huo akavushwa hadi Dar es Salaam, mwaka 1916 akakamatwa na Waingereza, akapelekwa uhamishoni, akafia Mombasa mwaka 1927. Hamoud alitawazwa alasiri ile ile ya vita.

Mwaka huo wa 1916, mwezi wa Juni, boma la Wajerumani la Bismarckburg, pale pale Kasanga, lilitwaliwa na majeshi ya Waingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini. Kwa hiyo mwalimu wa Rukwa anayetafuta somo la kufuatia hana haja ya kuvuka bahari: na aanzie bomani hapo, tena awatume watoto wakawaulize wazee wao ni akina nani waliobebeshwa mizigo ya majeshi yale.