Romani « Bakhita » : Mwanamke aliyesahau jina lake

Mwaka 2017 mwandishi Mfaransa Véronique Olmi alitoa romani iitwayo « Bakhita ». Wengi kati yetu humwomba Mtakatifu huyu, hasa siku ya sikukuu yake, tarehe 8 Februari, lakini ni wachache wanaojua maisha yake.

Alizaliwa Darfur, karibu mwaka 1869. Wezi wa watu walimkamata angali mtoto, na kwa hofu kubwa akasahau jina alilopewa na wazazi. « Bakhita », maana yake « mwenye bahati », ndilo jina walilompa wale waliomwiba. Mwaka 1885 alifika Italia. Tarehe 29 Novemba 1889, huko Venezia, tribinali ikatangaza kwamba yu huru, na mwaka uliofuata akabatizwa.

Mwenye kutunga romani afanye nini na maisha yenye mashimo namna hii ? Olmi hakumbunia jina la kuzaliwa, naye amefanya vema. Shimo lile ni ushuhuda juu ya ubaya wa utumwa : angaliliziba kwa jina zuri, angaliwafichia wezi kosa lao. Lakini pengine anaongeza. Mtoto aliyetoroka pamoja na Bakhita anamwita Binah, na kukuza sana urafiki wao. Hayo ni haki ya mtungaji, ila msomaji asiyashike kama historia. Hata maneno ya Bakhita mwenyewe yalipita mkononi mwa Ida Zanolini, aliyechapisha maisha yake mwaka 1931.

Sehemu ya kwanza, ile ya utumwa, inasomwa kwa machozi. Ya pili inakwenda polepole zaidi, maana ni vigumu kueleza utakatifu wa sista anayepika na kufungua mlango. Hata hivyo Bakhita alishinda huko, alipowasamehe watesi wake bila kusahau waliyomtenda.

Na sisi, je ? Kwetu Katanga alikuwako Bwanikwa, Mluba. Baba yake mwenyewe alimtoa ili alipe deni la kilio, kisha akauzwa mara nyingi. Habari zake tunazijua kwa sababu mmisionari mprotestanti, Dugald Campbell, aliketi akamsikiliza. Ndugu waseminari mnaopenda kutunga, anzeni hapo : mkirudi nyumbani wakati wa likizo, waulizeni mabibi zenu, mkaandike waliyosema kabla ya kuongeza ya kwenu.