Usiangalie Daraja, Angalia Bega

Juni 2023 Louis Vuitton ililifunga daraja la Pont Neuf jijini Paris na kulipamba kwa rangi ya dhahabu, ili Pharrell Williams aonyeshe mavazi yake ya kwanza ya kiume tangu ateuliwe kuwa mkurugenzi wa ubunifu Februari mwaka huo. Beyoncé alikuwa miongoni mwa wageni, na Jay-Z akatumbuiza. Kesho yake kila mtu alizungumzia daraja. Waliozungumzia mabega ya makoti walikuwa wachache, na mwongozo huu ni kwa anayetaka kuwa mmoja wao.

Usilidharau tamasha. Kulipanga ni ufundi, nao una wajuzi na wababaishaji. Kipimo changu ni kimoja: ondoa nguo, kisha uone kimebaki nini. Septemba 1998, London, Alexander McQueen alimsimamisha mwanamitindo Shalom Harlow kwenye kibao kinachozunguka, roboti mbili zikamnyunyizia rangi gauni lake jeupe. Bila gauni lile hakuna onyesho, kuna mashine mbili tu. McQueen alikuwa amejifunza kazi kwa mafundi wa suti wa Savile Row. Alijua mkasi kabla ya kujua jukwaa, na inaonekana. Roketi ambayo Karl Lagerfeld aliirusha ndani ya Grand Palais mwaka 2017 kwa ajili ya Chanel haipiti kipimo hicho. Ingepaa vilevile hata kama wanamitindo wangevaa kanga.

Hata hivyo, koti la Chanel linapona, kwa sababu nyuma ya roketi kuna karakana. Likamate mkononi. Kwanza utahisi uzito chini: ndani ya upindo, kando ya bitana, umeshonewa mnyororo mwembamba ili koti lining'inie wima na lisipande unapoinua mkono. Bitana ya hariri imeshikizwa na twidi kwa mistari ya mishono, lakini kwa nje mistari hiyo huioni, imezama kwenye kitambaa. Fuata mraba mmoja wa twidi kutoka kifuani hadi mfukoni, kisha hadi kwenye mkono. Kwenye kazi safi hauvunjiki. Mwisho livae, uinue mkono kana kwamba unasimamisha daladala. Kwapa likiwa limekatwa juu ipasavyo, mkono unakwenda peke yake na koti linabaki mahali pake. Kwapa la chini ni njia ya mkato ya kiwandani, hata liwe na nembo gani.

Sasa tuje kwa mkurugenzi wa ubunifu aliye nyota. Swali la kama anajua kushona au hajui halina faida kubwa. Virgil Abloh, aliyemtangulia Pharrell kuanzia 2018 hadi alipofariki 2021, alisomea uhandisi na usanifu majengo. Linalofaa kuulizwa ni kama analiona kosa na kulirudisha kwa fundi. Jibu halipatikani katika onyesho moja. Weka picha za misimu mitatu sambamba na utazame umbo: je, bega na kiuno vina mwelekeo, au kila msimu ni mgeni kwa mwenzake? Pharrell alipochanganya miraba ya Damier ya Louis Vuitton na mabaka ya kombati alikuwa na wazo la kweli, wazo lililoingia ndani ya kitambaa chenyewe. Katika ukataji wa suti, kwangu mimi, bado anaegemea uhodari wa karakana aliyoikuta. Si aibu, ila tusimpe sifa isiyo yake.

Mfano mzuri wa mpaka kati ya tamasha na nguo ni onyesho la Coperni, Paris, 2022, Bella Hadid aliponyunyiziwa gauni mwilini. Video ilienea kwa sababu ya mnyunyizo. Mimi ninayoirudia ni sehemu ya baadaye, mbunifu alipopanda jukwaani, akashusha mikanda ya mabega na kukata mpasuo mguuni. Kabla ya hapo lilikuwa jaribio la kemia.

Ukiingia duka la bei hizo, usione haya: geuza koti ndani nje, soma mishono, vuta kifungo kidogo. Muuzaji akinuna, mrudishie koti lake.