Nani Aliyebomoa? Uhakiki wa Sarufi ya Mafuriko na Ukame katika Kiswahili cha Habari

1. Utangulizi

Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Wafugaji na wakulima wa Garissa na Tana River nchini Kenya walikuwa bado hawajarudishia mifugo iliyokufa pale mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilipoyafurikisha makazi yao, na masika ya 2024 yakaongeza mafuriko mengine. Kwa kaya iliyokwisha kuuza au kupoteza ng'ombe wake, mafuriko hayo yalikuwa mwendelezo wa ukame. Kiswahili cha habari na cha ofisi, hata hivyo, huyataja matukio hayo kama ajali mbili zisizohusiana, kila moja likiitwa 'janga la asili'. Makala haya yanadai kuwa lugha hiyo huficha visababishi na kuwatwika lawama walioumia.

2. Mtendaji anayefichwa

Tazama tungo zifuatazo, zilizoundwa kwa kufuata ruwaza iliyozoeleka ya habari za maafa:

(1) Nyumba zilibomoka.
(2) Nyumba zilibomolewa.
(3) Wakazi walikumbwa na mafuriko.

Kauli ya kutendeka katika (1) haina nafasi ya mtendaji. Kauli ya kutendwa katika (2) inaweza kumwacha, lakini humruhusu msomaji kuuliza: na nani? Tofauti hii ina uzito. Huko Mathare, Nairobi, mwaka 2024, baadhi ya nyumba zilichukuliwa na maji, na nyingine zikabomolewa kwa matingatinga baada ya serikali kuagiza watu wahame kingo za mito. Habari inayosema tu kwamba nyumba 'zilibomoka' huyaunganisha maji na amri. Katika (3) mtendaji ametajwa, lakini ni maji yenyewe. Mfereji usiozibuliwa, msitu uliofyekwa na kibali cha ujenzi havionekani. Mvutano kati ya 'waathirika', lililozoeleka Tanzania, na 'waathiriwa', linalotumika sana Kenya, unatokana na suala hilihili, kwani kiambishi -w- hudokeza kuwa yupo aliyeathiri.

3. Nani 'mvamizi'?

Mtendaji akitajwa, mara nyingi huwa ni maskini. Wakazi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, huitwa 'wavamizi wa bonde' au 'wakaidi'. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi yao walihamishiwa Mabwepande. Ni kweli kwamba wapo waliorudi bondeni. Lakini neno 'mkaidi' hueleza tabia na kuacha sababu: Mabwepande iko pembezoni mwa jiji, mbali na Kariakoo, ambako kibarua na biashara ndogo hupatikana. Aidha, karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katika bonde lilelile, na imefurika mara kadhaa. Karakana hiyo haikuitwa mvamizi. Ilisemwa kuwa 'imeathirika'. Maji yaliyoingia ni yaleyale. Kilichotofautiana ni hadhi ya aliyejenga.

4. Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba sarufi haimlazimishi mwandishi kuficha lolote. Hoja hiyo ni sahihi, na ndiyo inayolifanya suala hili kuwa la uwajibikaji. Kiswahili kina kauli ya kutendesha na miundo kama 'kusababishwa na' na 'kuchochewa na', inayoweza kubeba kisababishi bila kuvunja ufasaha. Kichwa cha habari kisemacho 'Mifereji iliyoziba yachochea mafuriko' si kirefu mno kwa gazeti. Wahariri, na vyuo vinavyowafunza waandishi wa habari, wana wajibu wa kudai kisababishi kitajwe pale kinapojulikana. Hayo yasipofanyika, mwathiriwa ataendelea kuwa kiima cha sentensi za lawama, huku mwenye mamlaka akikosekana katika sentensi nzima.